Mama wa Kwenye Shuka Jeupe

Buger,
15 Juni 1980

Mke wangu Mama Leonida,

Salamu nyingi. Mimi mzima, vidole kumi vyote vipo, kama nilivyorudi navyo kutoka Uganda. Leonida naye mzima. Anahesabu mpaka ishirini, ila kumi na saba haipendi, anairuka, na ukimsahihisha anakununia mpaka jioni. Hiyo tabia hakuitoa kwetu.

Sasa nina ugomvi na wewe. Kwa nini hukuniambia kwamba nimeoa mcheza sinema?

Alhamisi lilikuja gari la sinema, lile la watu wa afya. Dizeli wenyewe hawana, mpaka misheni walipowahurumia. Wakatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala la kijiji, jenereta likakohoa, giza lilipoingia watu wote wa Buger tukawa tumekaa chini, hata Mzee Hhando ambaye hatoki nyumbani kwake jua likishazama. Kwanza ikaja ile ya kupanda mahindi kwa mstari. Watu wameshaiona mara tatu, kwa hiyo wakawa wanamsahihisha bwana shamba kabla hajakosea. Halafu ikaja ya surua. Mama mmoja anaambiwa na muuguzi apeleke mtoto akachanjwe, anasema kesho. Anaambiwa tena, anasema kesho. Watu wakaanza kumpigia kelele: "Mpeleke, wewe! Unangoja nini?" Dada yangu Marsela alisimama kabisa, mtoto mgongoni, akamtukana yule mama kwa Kiiraqw matusi ambayo siwezi kuyaandikia mwalimu. Mara yule mama akageuka tukamwona uso. Ni wewe.

Niliruka, Mama Leonida. Nikapiga kelele, "Huyo ni wangu!" Ulipokibeba kile kifurushi, ukakilaza chini, ukaanza kulia, wanawake wote wa Buger wakalia na wewe, na wanaume wakawa wanaangalia ardhi. Mimi nilikuwa nacheka kwa fahari. Nikawa nawagusa walio karibu, nawaambia tazameni anavyojua, utadhani kweli.

Ila imezuka taabu kidogo. Yule bwana wa kipaza sauti alisema, "Mama huyu amempoteza mtoto wake." Asubuhi yake mama yangu hakuja kuchukua moto jikoni kwangu. Nikauliza kuna nini. Kumbe wazee wanasema sinema zote zilizokuja hapa zilikuwa za kweli. Bwana shamba yule ni mtu wa Mbulu, tunamjua na mke wake tunamjua. Wale askari wa sinema ya kurudi toka vitani walikuwa askari kweli. Kwa nini basi hii moja iwe uongo? Mzee Hhando ameuliza barazani: mtoto wa Inosenti alikufa lini, na mbona nyumba yake haikukaa meeta?

Mambo yao unayajua. Nyumba iliyofiwa na mtoto inajitenga, haichangii na watu kisima wala moto wala pombe, mume na mke hawalali pamoja, mpaka wazee waitoe. Sisi Krismasi tumekula na kijiji kizima. Wanasema kama ni kweli tulificha, tumewapaka wote uchafu wa kifo, na wewe hutakanyaga tena Buger, na Leonida atabaki kwa mama. Nimewaambia ni maigizo tu. Wananitazama kama mtu aliyelewa.

Kwa hiyo andika barua, mwalimu mkuu wako aigonge mhuri. Mhuri wanauamini.

Mumeo,
Inosenti


Kakesio,
2 Julai 1980

Baba Leonida,

Barua yako ilikaa Endulen siku tisa, ikaletwa na Meitamei aliyekwenda kununua dawa ya ng'ombe. Nimeisoma mara mbili. Mhuri nimeambatanisha. Mwalimu Mkuu Saning'o ameandika kwamba mimi ni mwalimu wake, kwamba watu wa picha walikuja mwaka jana mwezi wa sita, na kwamba jambo lote lilikuwa la kuigiza kwa ajili ya elimu ya afya.

Wewe ulikuwa bado Uganda. Walikuja watu watatu na kamera yao. Walitaka mama mmoja wa kuigiza amefiwa, awe anasema Kiswahili cha kueleweka. Wakazunguka maboma yote. Hakuna aliyekubali. Nashilu, jirani yangu, aliwafukuza kwa fimbo. Kwao aliyekufa hatajwi hata jina, sembuse kumchezea. Ndipo mwalimu mkuu akanitazama mimi.

Kile kifurushi kilikuwa sweta yangu ya kijani na madaftari manne ya darasa la tatu, tukafunga kwa khanga. Waambie wazee. Mwambie na Marsela nimemsamehe matusi. Yule bwana wa kamera alikuwa na kitunguu mfukoni cha kunilizia, lakini hakikuhitajika. Machozi ni kitu rahisi, Baba Leonida. Nilikufikiria wewe uliyekuwa vitani.

Tafadhali usiwaache wamshike Leonida. Likizo ya Desemba nataka aje akae huku na mimi, nimemshonea gauni. Ukiona maneno yanazidi, niandikie upesi, nitakuja mwenyewe nisimame mbele yao.

Mkeo,
Bernadina


Karatu
20 Julai 1980

Bernadina mwanangu

Tumsifu Yesu Kristo. Barua hii naandika mimi mwenyewe mama yako kwa mkono wangu. Kisomo kilinifundisha. Mpaka leo niliandika jina na orodha ya dukani. Barua hii ni ya kwanza. Nimeiandika siku tatu. Ikipinda vumilia. Sikumwomba mtu aniandikie kwa sababu sitaki mtu ajue.

Sinema imekuja Karatu. Nimekuona. Watu walilia na mimi nililia. Lakini mimi sikulia na wao.

Ulipokilaza kile kitu chini wewe ulifanya jambo. Ulibana matiti kwa mkono. Hivi. Kiganja begani na mkono umekaza kifuani. Halafu ukainama kidogo.

Mimi nimezaa saba nimezika watatu. Mkono ule naujua. Maziwa yakija na mtoto hayupo ndivyo mtu anavyofanya. Hakuna anayefundishwa. Yule wa kamera ni mwanaume asingeweza kukuambia ufanye.

Wengine hawakuona. Walikuwa wanatazama machozi.

Inosenti alipita hapa akacheka akasema mama umemwona bintiyo anavyojua kuigiza. Nikasema nimemwona. Sikusema zaidi.

Niambie. Alikuwa wa kiume au wa kike. Nitasoma mwenyewe. Andika herufi kubwa.

Mama yako
Katarina


Kakesio,
6 Agosti 1980

Aayo,

Naandika kwa herufi kubwa kama ulivyotaka. Barua yako nimeifungia kwenye sanduku. Haikupinda.

Alikuwa wa kiume.

Inosenti alipoitwa vitani mimi sikujua kama nina mimba. Nilipojua, yeye alikuwa ng'ambo ya Kagera na barua haziendi, au zinaenda zinarudi zimechanwa. Nikasema nitakuja Buger likizo ya mwezi wa sita nikajifungulie huko. Nilivaa gauni pana. Huku watu hawaulizi.

Mwaka jana mwezi wa nne, katikati ya masika, barabara ya Endulen ikiwa imefungwa kwa tope, nilishikwa na uchungu darasani. Ilikuwa bado miezi miwili. Nashilu alinishika mkono tukaenda nyumbani kwangu. Alizaliwa mchana saa saba. Alikuwa mdogo, Aayo, anaenea kwenye viganja vyangu viwili, lakini alilia. Tulimlaza kifuani kwangu, Nashilu akatufunika na ngozi ya kondoo. Nilimbatiza mwenyewe kwa maji ya kikombe. Alipumua mpaka ng'ombe waliporudi, kisha akaacha. Nashilu na mimi tulimzika nyuma ya nyumba karibu na korongo. Yeye hajalitaja jambo lile tangu siku hiyo. Kwao ndiyo heshima.

Najua utaniuliza kwa nini nilinyamaza. Mimi mwenyewe nimejiuliza. Nilisema nikimwandikia Inosenti atakufa kwa huzuni kabla hajafa kwa risasi. Nilisema nikiwaambia Buger watamweka mama mkwe meeta, na Leonida naye ndani, na mimi niko huku peke yangu, meeta nitaikaa na nani? Nikasema nitasema akirudi. Akarudi mwezi wa nane, nikaenda Buger kumpokea, amekonda, anacheka, anamrusha Leonida juu. Usiku ule alinijia na mimi sikumkataa. Baada ya hapo nisingeweza tena kusema. Ningesema nini? Kila siku iliyopita iliongeza kosa.

Watu wa kamera walikuja wiki ya saba baada ya kumzika. Aayo, nilikubali kwa sababu waliniambia nilie. Wiki saba nilikuwa sijalia, nilikuwa nafundisha hesabu. Nikaona hapa naweza kulia mbele ya watu, mchana, kwa sauti, na hakuna atakayeniuliza ninalia nini. Nilipoilaza ile sweta chini maziwa yalikuja yenyewe. Yule bwana aliniambia vizuri sana mama, turudie mara moja. Tukarudia.

Sikujua wataileta Buger. Nilidhani picha hizo wanaziangalia Dar es Salaam.

Niambie nifanye nini.

Bernadina


Buger,
9 Agosti 1980

Mama Leonida,

Furahi! Nimeyamaliza.

Mhuri uliwashinda nusu tu. Mzee Hhando aliupapasa, akasema karatasi ni ya serikali na sinema ni ya serikali, zote mbili zimetoka nyumba moja, mojawapo imesema uongo, ni ipi? Na hapo ndama wawili wa mama wameshakufa, mvua zenyewe unajua zilivyokuwa mwaka huu, basi wote vidole kwetu. Mama alikuwa ananipa chakula kwenye bakuli lenye ufa, ambalo haliwekwi na mengine.

Juzi nikasema basi. Nikamchukua Leonida, nikaenda naye barazani, wazee wote wamekaa. Nikaweka mkono juu ya kichwa chake, nikaapa mbele yao kwamba mimi sina mtoto aliyekufa, na kama ninaye nimemficha, kiapo kimrudie huyu. Leonida mwenyewe alikuwa anacheka, alidhani nampima kimo.

Mzee Hhando aliinuka akanishika mkono. Akasema mwanaume hawezi kuapa hivyo kwa uongo. Wakaleta pombe tukanywa kata moja. Mama amekuja leo asubuhi kuchukua moto, akalia kidogo, akasema Bernadina aje tu, ni mtoto wangu.

Kwa hiyo Desemba usimwite Leonida huko kwenye vumbi lenu. Njoo wewe. Nitachinja mbuzi, na wewe utawaigizia wazee kilio wakione kwa macho yao wacheke.

Mumeo,
Inosenti


Kakesio,
1 Septemba 1980

Baba Leonida,

Barua yako nimeipata jana. Nilitoka darasani, sikurudi mpaka kengele ya mwisho.

Ningeweza kunyamaza. Wazee wameridhika, mama ameridhika, wewe umefurahi. Nimekaa na wino mbele yangu tangu asubuhi nikijishawishi hivyo. Lakini umeweka mkono juu ya kichwa cha Leonida. Siamini kwamba atakufa kwa kiapo. Nimesoma, na ninasali, siamini. Ila tangu jana kila nikifumba macho nauona ule mkono.

Wazee walisema kweli. Alikuwepo. Alizaliwa tarehe 25 mwezi wa nne mwaka jana, kabla ya wakati wake, ukiwa Uganda. Alikuwa wa kiume, alikuwa na nywele nyingi, na masikio yako. Aliishi saa tano. Nilimbatiza Yosefu. Yuko nyuma ya nyumba yangu, na wewe ulipokuja Septemba mwaka jana ulikaa kwenye jiwe lililo karibu naye, ukavuta sigara, ukaniambia mahali hapa pana upepo mzuri.

Nililia kwenye ile sinema kwa ajili yake, na yule bwana wa kamera aliponiambia nirudie, nikarudia. Uongo wa kukufikiria wewe vitani nilikuandikia kwa sababu niliogopa, na sasa naogopa zaidi. Makosa ni yangu. Mama yako hajui, Marsela hajui, mama yangu alijua mwenyewe kwa kuona kwenye sinema nilivyobana matiti kwa mkono. Wewe uliapa kwa moyo safi, wala Mungu hakudai wewe kitu. Kama kuna wa kudaiwa ni mimi.

Usimwambie Leonida. Fanya lolote lingine unaloona ni haki.

Bernadina


Karatu
25 Septemba 1980

Bernadina

Inosenti alikuja hapa Jumatatu. Hakuketi. Nilimpa uji hakuupokea. Uso wake siujui niusemeje.

Aliniuliza kitu kimoja tu. Gari la sinema limeelekea wapi. Nikamwambia wanasema Mang'ola. Akaondoka kwa miguu na jua lile.

Nilidhani anakwenda kuwapiga. Nimemtuma mtu wa kumfuata. Mtu amerudi leo anasema hakupiga mtu. Alikaa mbele kabisa na watoto. Picha ilipokwisha akawaomba waionyeshe tena. Wakakataa. Asubuhi gari likaenda Matala na yeye yuko nyuma yake.

Mwanangu mimi nasali. Kula. Usiache kula.

Mama yako
Katarina


Buger,
2 Novemba 1980

Bernadina,

Nimechelewa kujibu.

Nimeitazama ile sinema mara nne. Ya kwanza unaijua. Tatu nyingine nimezifuata kwa miguu, Mang'ola, Matala, na Endabash waliporudi. Nilikuwa nataka kumwona yeye. Nilijua ni sweta na madaftari, umeniandikia mwenyewe, lakini nilikwenda hivyo hivyo. Niliangalia unavyolaza kile kitu chini. Unakishika kichwani kwanza, halafu mgongoni, polepole. Nikajua ndivyo ulivyomlaza. Mara ya nne niliuona na ule mkono, ambao mama yako aliuona mara ya kwanza. Nimelala na wewe miaka sita, sikuuona.

Wanawake wa Mang'ola walimlilia. Wa Matala walimlilia, mama mmoja alivua kitambaa chake akakiweka chini mbele ya shuka. Watu wasiotujua.

Niliporudi nilikwenda kwa wazee, sikuitwa na mtu. Niliwaambia mtoto alikuwepo, na kwamba niliapa uongo bila kujua. Mzee Hhando hakupiga kelele kama nilivyotaka apige. Alimwita Leonida akamtazama machoni, akamgusa paji la uso, akamrudisha kwangu. Kisha wakasema maneno yao. Kondoo mweusi tumechinja kwa ajili ya kiapo. Nyumba yangu iko meeta mpaka mvua za mwakani, mimi, mama na Leonida. Tumechimba kisima chetu pale bondeni, maji yake ya chumvi. Mahindi yako shambani, hakuna wa kuja kuvuna na sisi. Marsela anapita kule juu na mtoto wake na Leonida anamwita, naye hageuki, hawezi kugeuka. Kumweleza mtoto wa miaka minne kwa nini shangazi hamjibu, hilo sikujua ni kazi kubwa hivyo. Desemba hatakuja kwako. Hakuna anayetoka nyumba hii.

Watu wa parokia wananiambia haya ni mambo ya giza, mimi ni Mkristo, niyaache. Nimekataa. Ninakaa kwa hiari yangu. Mtoto wangu alikufa na hakuna nyumba hata moja iliyojifunga kwa ajili yake. Sasa ipo moja.

Wazee wamesema wewe usikanyage Buger. Mimi sikukutetea. Nataka ujue kwamba ningeweza kusema neno, nao walingoja niseme, nikanyamaza.

Siyo kwa kuwa alikufa. Watoto wanakufa, nimeona vitani vibaya zaidi. Siyo hata kwa kiapo. Ni kwamba niliporudi ulikuwa na kilio cha mtoto wangu mikononi, nikakaa nawe usiku mwingi, hukunipa. Ulikuwa umeshampa mtu wa kamera, bwana asiyejua hata jina langu, akakwambia urudie, ukarudia. Kijiji kizima kililia mtoto wangu, Bernadina, na mimi baba yake nilikuwa nimesimama katikati yao nacheka, nawashika watu mabega, nawaambia tazameni anavyojua.

Hilo silipati pa kuliweka. Nikilala ninajisikia nikicheka.

Usije, na usimtume mtu. Ukiandika, barua itakaa kwa katekista, maana hata karatasi haiingii hapa. Meeta ikiisha sijui kama nitakuita. Nimejaribu kuandika kwamba nitakuita, nimekata mara mbili, unaona mwenyewe hapo juu pamechafuka.

Gauni la Leonida usilitume, atakuwa amekua.

Inosenti